Cheni Iliyonolewa kwa Kona Haikati Vizuri: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Cheni ya msumeno iliyonolewa kwa kona haitaki mchezo. Ile ya duara, inayonolewa kwa tupa ya mviringo na ambayo wengi tumeizoea, ukiipitishia tupa ovyo bado itakata, ila polepole. Hii ya kona ikikosewa kidogo tu inakuwa mbaya kuliko ya duara iliyonolewa na mwanafunzi. Ndiyo maana malalamiko yake yanafanana: nimeinoa, ikaingia kwenye mti kama siagi, shina moja tu na makali yamekwisha. Na majibu karibu yote yanaanzia mahali pamoja, kwenye kona ya jino.

Tuelewane kwanza kuhusu jino lenyewe. Lina bapa la juu, lililolala, na bapa la ubavu, lililosimama. Yanapokutana kwa nje ndipo kona ilipo. Kona hutangulia kukata nyuzi za mti, kisha bapa la juu linainua chenga na kuitupa. Tupa ya duara ikipita ndani ya jino inaacha bonde la mviringo. Tupa ya kona ina nyuso mbili bapa zinazokutana kwenye ukingo mkali: uso mmoja unanoa chini ya bapa la juu, wa pili unanoa bapa la ubavu, na ule ukingo wa tupa unachora mstari ndani ya jino. Mstari huo unatakiwa utokeze nje palepale penye kona. Ukitokeza chini yake au juu yake, kazi imeharibika hata kama jino linang'aa.

Mtindo huu umekomaa kwa wakata miti wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada: Oregon, Washington, British Columbia. Miti ya kule ni Douglas fir na mingine ya mbao laini, mashina ni manene, na wakataji wengi kwa miaka mingi walilipwa kwa ujazo wa magogo, kwa hiyo kila dakika iliyookolewa ilikuwa hela. Ni eneo hilohilo ambako Joseph Cox, mwaka 1946, alimwona buu wa mbawakawa akitafuna mti kushoto na kulia, akapata wazo la meno ya cheni. Kampuni yake ilianza Portland mwaka 1947. Meno yake yalikuwa na mgongo uliopinda. Meno ya kona kali yalikuja baadaye, na kunoa kwa kona kunawezekana kwa hayo tu. Cheni yenye kona iliyokatwa au kuviringishwa kiwandani, ile inayosifiwa kwa kuvumilia vumbi, usiihangaishe. Haina kona ya kunoa.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikaze kwenye jiliwa (kile kibano cha chuma cha mezani), na utafute mwanga mzuri na lenzi ya kukuzia. Lenzi si anasa hapa. Mstari ninaouzungumzia huwezi kuuona vizuri kwa macho matupu, hasa ukishavuka miaka arobaini. Kisha paka wino mzito ndani ya jino moja, pitisha tupa mara moja bila nguvu, na uangalie wino umeondoka wapi. Jino hilo moja litakueleza mengi kuliko kunoa cheni nzima ukibahatisha.

Inaanza vizuri, kisha makali yanakufa haraka

Hii ndiyo dalili kuu, na ina vyanzo vingi kuliko zote.

Anza kwa kulitazama jino kutoka ubavuni. Kama kona imechomoza mbele na chini yake kuna sehemu iliyoliwa kurudi nyuma, jino limetoa mdomo kama wa kasuku. Maana yake tupa ilikuwa chini mno: mstari umetokea kwenye bapa la ubavu, chini ya kona, na ule uso wa tupa uliopaswa kunoa bapa la juu tu umekula na sehemu ya ubavu. Jino la namna hii linauma sana mwanzoni. Watu hulifurahia, wakadhani wamepatia. Lakini ncha yake haina chuma cha kuishikilia kwa nyuma, inavunjika kwenye fundo la kwanza, na ikishavunjika jino zima ni butu. Dawa ni kuinua tupa hadi ukingo wake uelekee kona, kisha kuendelea kunoa mpaka mdomo wote utoweke. Kukata ncha peke yake kwa kuigusagusa hakusaidii.

Sasa litazame kutoka juu. Kama makali ya bapa la juu hayaendi moja kwa moja mpaka kwenye kona, bali karibu na mwisho yana pengo dogo, tupa ilikuwa juu mno. Mstari umetokea juu ya bapa. Hapa pia kona imebaki pembe nyembamba iliyosimama peke yake. Shusha tupa, endelea mpaka pengo lifutike.

Kama kona iko sawa pande zote mbili na bado makali hayadumu, angalia kromu. Nje ya jino kuna tabaka jembamba la kromu, gumu kuliko chuma kilicho chini yake, na hilo ndilo linaloshika makali. Cheni ikigusa mchanga au jiwe, kromu ya mbele inachubuka kwa umbali fulani kurudi nyuma. Mnoaji mwenye haraka hunoa hadi makali yaonekane mazuri, akaacha kipande cha ukingo kisicho na kromu nzima. Kwa lenzi utaona ufito wa rangi tofauti, umefifia, sambamba na makali. Huo lazima uishe wote. Kama jino moja limeumia zaidi ya mengine, ndilo linaloamua mengine yapunguzwe kiasi gani.

Chanzo kinachofuata ni wembamba wa makali. Kati ya sehemu ya juu ya bapa na uso ulionolewa chini yake, nyuzi 45 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukipunguza sana unapata wembe: unateleza ndani ya mti laini wenye maji, unakunjika ndani ya mti mkavu. Wanaokata magogo yaliyokauka au yenye mafundo mengi huacha makali yawe manene kidogo, wakakubali kupoteza sehemu ya kasi.

Na mwisho mti wenyewe. Mvule una mawe ndani yake, madonge magumu ya chokaa yanayojijenga ndani ya shina, na hakuna dalili ya nje inayokuonya. Msaji una silika, ile asili ya mchanga, ndani ya nyuzi zake. Gome la mti uliosimama kando ya barabara ya vumbi, au gogo lililoburutwa chini, limejaa mchanga. Kwenye kazi za namna hiyo kunoa kwa kona ni kujitesa. Noa kwa duara, tena kwa cheni yenye kona ya mviringo. Mahali ambapo kona inaweza kulipa kwetu ni kwenye paina safi ya mashambani, kama ile ya Sao Hill nchini Tanzania, iliyosimama na yenye maji yake. Hata hapo, shina la chini kabisa lenye udongo lisafishe kwanza kwa panga.

Inatoa unga badala ya chenga

Kama unakatiza gogo na unaona unga mwembamba, jino halikati, linasugua. Kona zimeisha. Noa. Kama cheni ni mpya au imetoka kwa fundi na inatoa moshi na unga papo hapo, hakikisha haikufungwa kinyume; hutokea hata kwa wazoefu, na haina haja ya maelezo marefu.

Ila usihukumu kwa unga unapopasua mbao. Msumeno unapopasua gogo kwa urefu hutoa chenga laini hata ukiwa mkali kabisa. Na kwa kazi hiyo makali ya bapa la juu kwa kawaida huwekwa karibu na kunyooka, nyuzi 10 hivi, ili ubao utoke laini, wakati kwa kukatiza magogo wengi huwa kati ya 20 na 30. Ukiona mtu anapasua mbao kwa cheni ya kukatiza na analalamika ubao una mistari, tatizo lake liko hapo.

Inang'ata, inaruka, inatetemesha mikono

Hapa mwangalie kwanza yule kinundu anayetangulia kila jino. Kazi yake ni kupima jino lizame kiasi gani. Kwa cheni za kipimo cha inchi 3/8, kinundu kwa kawaida hukaa milimita 0.65 chini ya kona. Watu wa magharibi ya Marekani wenye misumeno mikubwa na mti laini huvishusha zaidi ya hapo, na wanaowaiga bila msumeno wa nguvu hiyo wanaishia na cheni inayouma kuliko injini inavyoweza kuvuta. Inakwama, inaachia, inakwama tena. Hilo si usumbufu tu: kinundu kifupi kinaongeza hatari ya msumeno kuruka juu na kumrudia mkataji pale ncha ya juu ya baa inapogusa kitu. Baa ni kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka, na robo ya juu ya ncha yake ndiyo inayoumiza watu.

Kinundu kilichokatwa hakirudi. Lakini jino linaweza kukifuata. Bapa la juu limeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo kila unapolinoa na kulirudisha nyuma, kimo chake kinapungua na tofauti kati yake na kinundu inapungua pia. Noa meno bila kugusa vinundu mpaka kipimo kirudi kwenye 0.65. Utapoteza chuma, ndiyo. Ni nafuu kuliko hospitali.

Kama vinundu viko sawa, rudi kwenye mdomo wa kasuku. Jino lenye mdomo linajivuta lenyewe ndani ya mti. Kisha angalia ukazo wa cheni. Iliyolegea hutetemesha hata ikiwa imenolewa kwa ufundi gani.

Ni kali ukiigusa, lakini lazima uisukume

Chenga ni nzuri, safi, ila nyembamba na ndogo, na mikono inachoka. Vinundu viko juu. Kadiri jino linavyorudi nyuma linashuka, kinundu kinabaki palepale, na siku moja jino halifiki tena kwenye mti. Weka kile kipande cha chuma cha kupimia juu ya cheni, kata kinundu kinachotokeza kwa tupa bapa, kisha viringisha sehemu yake ya mbele ili kisikwaruze. Vipime mara kwa mara, usingoje msumeno ukulazimishe.

Mkato unapinda

Cheni hupinda kuelekea upande wenye meno marefu zaidi au makali zaidi. Pima bapa la juu la jino fupi kuliko yote, kisha punguza mengine yamfikie. Kwa kunoa kwa kona kuna sababu ya pili ambayo wa duara hawaijui sana: meno ya kulia yana kona safi, ya kushoto yana mdomo au pengo, na urefu wake wote ni sawa kabisa. Kipimo cha rula hakitakuonyesha hilo. Lenzi itakuonyesha.

Ukiweka cheni mpya na mkato bado unapinda, acha kuinoa. Kingo za baa zimelika bila kulingana, au mfereji wake umepanuka na cheni inalala upande.

Upande mmoja unakubali, mwingine unakataa

Karibu kila anayeanza hukutana na hili, na sababu yake ni mwili. Tupa ya kona inataka pembe tatu kwa wakati mmoja: jinsi inavyokatiza jino, jinsi mpini unavyoshuka au kupanda, na jinsi tupa yenyewe inavyozungushwa kwenye mhimili wake. Mkono wa kulia ukishazoea pembe hizo kwenye meno ya upande mmoja, upande wa pili mwili unasimama vingine na kila kitu kinahama. Geuza baa nzima kwenye jiliwa badala ya kujipindisha wewe. Ukisimama vilevile kwa pande zote mbili, nusu ya tatizo imekwisha. Jiliwa liwe kwenye usawa wa kiwiko, si kwenye kisiki cha chini.

Kuna ubishi usiokwisha kuhusu upande wa kusukuma. Wapo wanaosukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kama kwa duara. Wapo wanaosukuma kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu hapo kona iko mbele ya macho na unaona ukingo wa tupa unapokaa. Kwa anayejifunza, kuiona kona kuna thamani. Gharama yake ni kwamba tupa inakutana na kromu kwanza na meno yake yanaisha mapema.

Na tupa zenyewe ndizo chanzo ambacho watu hawataki kukisikia, kwa kuwa ni ghali na ni shida kuzipata. Ile bapa yenye pande sita, ambayo kampuni za Save Edge na Pferd zimetengeneza, inafaa kwa mkono wa anayeanza; ya pembetatu inataka mkono uliozoea. Zote hufa kwenye ukingo kwanza. Nyuso zake zinaweza kuonekana mpya kabisa, lakini ukingo ukishakuwa mviringo, mstari ndani ya jino unakuwa mviringo pia, na hutapata kona safi hata ukinoa mpaka usiku. Gusa ukingo kwa ukucha: ukiukwangua ukucha bado unafaa, ukiteleza uutupe. Usiburute tupa wakati wa kurudi, usiihifadhi ndani ya sanduku pamoja na spana, na usiipake mafuta.

Umenoa kwa mashine na matokeo ni mabaya kuliko ya mkono

Mashine za kunoa kwa kona, kama za kampuni za Silvey na Simington, ni tofauti na zile za duara zinazouzwa kila mahali. Jiwe lake limechongwa nyuso mbili zinazokutana kwenye ukingo, kama tupa. Usijaribu kulazimisha mashine ya duara ifanye kazi hii kwa kuinamisha jiwe.

Jino likitoka na rangi ya bluu, limeungua. Chuma kimepoteza ugumu wake, na makali yake hayatakaa. Sababu ni kubana jiwe muda mrefu mahali pamoja, au jiwe lililoziba chembe za chuma. Gusa kidogo, achia, gusa tena. Bluu iliyokwisha tokea haiondoki kwa kufuta. Ondoa chuma chote kilichobadilika, kwa kugusa kidogo kidogo, mpaka ufikie kizima.

Kona ikitoka ya mviringo kila jino, jiwe linataka kuchongwa upya kwa ncha ya almasi. Hili hufanyika mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia, wakati mwingine katikati ya cheni moja ikiwa ni ndefu. Baada ya kuchonga, jiwe limekuwa dogo kidogo na ukingo wake umehama, kwa hiyo jino la kwanza baada ya hapo liangalie kwa lenzi kabla ya kuendelea. Wengi huchonga jiwe, wakaendelea na mpangilio wa zamani, kisha wakashangaa kwa nini nusu ya cheni ina mdomo.

Vaa miwani ya kinga. Kabla ya kufunga jiwe jipya ligonge taratibu kwa kipande cha mti; lililo zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Chenga zinaganda ndani ya jino

Tupa ya kona haigusi bonde lililo mbele ya jino, chini ya makali. Jino linarudi nyuma, bonde linabaki limejaa chuma, na chenga hazina pa kupita. Kila baada ya kunoa mara chache, safisha bonde kwa tupa ya duara, ukikaa mbali na kona na bila kugusa kiungo kilicho chini.

Umechoka, unataka kurudi kwenye duara

Inawezekana bila kununua cheni nyingine. Kwa inchi 3/8 tumia tupa ya milimita 5.5, shika nyuzi 30, na uhakikishe kama moja ya tano ya unene wa tupa iko juu ya bapa la jino. Mara za kwanza itagusa vipande viwili tu na utahisi haifanyi kitu. Endelea, mpaka ule mstari wa ndani ufutike na bonde liwe la mviringo kutoka juu mpaka chini. Meno yatakuwa yamerudi nyuma na kushuka, kwa hiyo pima vinundu vyote upya kabla ya kufunga cheni kwenye msumeno.